Kuuguza wazee na wagonjwa wa maradhi mazito mkoani Kigoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ya watoto, wajukuu na wakwe wanaouguza nyumbani: Ujiji, Gungu, Mwandiga, Kasulu, Kibondo, na katika vijiji vya mwambao ambako safari ya hospitali huanza kwa kusubiri boti. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu watu wakiniuliza ana kwa ana. Mtaona jambo moja linajirudia humu: mgonjwa hafikii mahali ambapo hana tena haki ya kutibiwa. Ugonjwa wenyewe unaweza kuwa umezishinda dawa, lakini maumivu yana dawa, pumzi ya shida ina dawa, kukosa usingizi kuna dawa, na kidonda kinaoshwa. Majibu haya hayachukui nafasi ya daktari anayemjua mgonjwa wenu. Yatawasaidia kujua mumuulize nini.

Hospitali imesema tumrudishe mama nyumbani. Ndiyo kusema hawana tena la kufanya?

Hapana. Mara nyingi daktari anamaanisha kwamba upasuaji, mionzi au dripu zaidi hazitauondoa ugonjwa, na kwamba mama atapata raha zaidi kwake kuliko wodini. Inayobaki ni kazi kubwa: kumwondolea maumivu, kumwezesha kulala, kula anachoweza, kuwa msafi, na kukaa na watu wake. Kazi hiyo ina ujuzi wake na dawa zake. Ndiyo tiba shufaa.

Tatizo ni namna familia zinavyotoka hospitali. Ruhusa inatolewa asubuhi, mashuka na vyombo vinakusanywa, bajaji inaitwa, watu wanaondoka. Baada ya siku chache maumivu yanapanda usiku na hakuna ndani ya nyumba anayejua afanye nini. Kwa hiyo msitoke kabla hamjauliza. Ugonjwa unaitwaje na umefika wapi? Dawa ya maumivu ni ipi, anywe saa ngapi, na ikiisha tumwone nani? Maumivu yakizidi kabla ya saa ya dozi, tufanyeje? Dalili gani zikitokea tumrudishe haraka? Ombeni pia karatasi ya muhtasari wa matibabu, muihifadhi pamoja na kadi yake, maana mtakayemkuta siku nyingine pengine hamfahamu mama kabisa.

Najua watu wanaona haya kumuuliza daktari, hasa wenye umri mkubwa waliozoea kuitikia tu. Mtume mtu mmoja wa familia aliye mtulivu, aandike maswali kwenye daftari. Kuuliza si kukosa adabu.

Tiba shufaa ni ya wanaokaribia kufa tu?

Hapana. Inaanza siku ugonjwa mzito unapogunduliwa na inakwenda sambamba na matibabu mengine. Si ya saratani peke yake: mwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu, mwenye figo zilizochoka, aliyepooza kwa kiharusi, anayeishi na virusi vya UKIMWI akasumbuliwa na maumivu, mzee aliyepoteza kumbukumbu, wote wanaihitaji.

Babu halalamiki. Tutajuaje kama anaumia?

Wazee wetu wengi wamelelewa kuvumilia, na wengine wanaamini maumivu ni sehemu ya uzee. Wapo pia wanaonyamaza ili wasiwagharimu watoto. Mwangalie usoni unapomgeuza. Angalia kama ameacha kuzungumza, kama anakataa kuogeshwa, kama amejikunja upande mmoja, kama usiku hafumbi macho.

Njia rahisi ya kupima ni mkono wake mwenyewe. Mwambie ngumi iliyofungwa ni kutoumia kabisa, kidole kimoja ni maumivu kidogo, na vidole vyote vitano ni maumivu asiyowahi kuyapata. Kisha muulize, "Babu, leo ni vidole vingapi?" Andika jibu na saa. Ukimpelekea daktari daftari lenye vidole vya wiki nzima, atapanga dawa vizuri kuliko ukimwambia "anaumwa sana".

Wametaka kumwanzishia morfini. Si ndiyo dawa ya kumuua mtu? Hatakuwa teja?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kwa woga kuliko yote, na naomba mlisome mpaka mwisho, kwa sababu woga huu unawaacha watu wengi wakiteseka bure.

Morfini ikitolewa kwa dozi inayolingana na maumivu na kupandishwa polepole haimuui mgonjwa. Inafanya awe na siku ya kawaida: aongee, aketi kwenye kibaraza, afanye sala zake. Watu wamezoea kuiona ikitolewa mgonjwa akiwa ukingoni, kwa hiyo akifa wanasema ni dawa. Ukweli ni kwamba ilichelewa. Na uteja ni jambo jingine kabisa: teja anaitafuta dawa ili alewe, na maisha yake yanaharibika kwa ajili hiyo. Anayeinywa kwa sababu ya maumivu ya saratani, maumivu yakipungua kwa mionzi au njia nyingine, daktari humpunguzia dozi hatua kwa hatua. Mwili huizoea, ndiyo, kwa hiyo msiikatize ghafla kwa uamuzi wenu.

Ile ya maji hunywewa kila baada ya saa 4, mchana na usiku, kwa sababu nguvu yake huisha kwa muda huo. Msisubiri alie ndipo mmpe. Dawa inayopewa kwa saa inayazuia maumivu yasirudi. Inayopewa baada ya kilio hukimbizana nayo na mara nyingi inashindwa. Mara nyingi daktari huagiza dozi ya kulalia iwe kubwa zaidi ili mgonjwa asiamshwe usiku wa manane. Pimeni kwa bomba la sindano lisilo na sindano, si kwa kijiko cha chai cha nyumbani, maana vijiko havilingani.

Siku 2 au 3 za mwanzo atasinzia. Wengi wana usingizi waliokopa kwa majuma, wanaulipa. Anaweza kusikia kichefuchefu, nacho kwa kawaida kinapita. Kisichopita ni kufunga choo, karibu kila anayetumia morfini kinampata, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku moja na morfini. Wasipowaandikia, iulizeni. Papai, maji ya kutosha na mboga vinasaidia, ila peke yake havitoshi.

Hatari ipo pia na lazima niiseme. Mgonjwa akilala kiasi kwamba hamwezi kumwamsha, au pumzi zikawa chache mno na za mbali, msimpe dozi inayofuata. Mpigieni mtaalamu au mpelekeni hospitali mara moja. Mwenye figo dhaifu anahitaji dozi ndogo zaidi, hivyo daktari ajue. Asiichanganye na pombe wala dawa za usingizi ambazo hakuandikiwa. Chupa ifungiwe mbali na watoto, na asigawiwe jirani hata kama naye ana saratani.

Kwa nini tusimnunulie tu diklofenaki dukani? Inamsaidia.

Inamsaidia kwa muda na inaweza kumuumiza kwa muda mrefu. Diklofenaki, ibuprofeni na dawa za jamii hiyo zikitumiwa siku nyingi huharibu figo, hutoboa vidonda tumboni, na hupandisha presha. Mzee wa miaka 75 mwenye presha ndiye hasa asiyepaswa kuzinywa bila kuandikiwa. Vile vifurushi vya vidonge vilivyochanganywa pamoja vya "dawa ya mgongo" ni vibaya zaidi, kwa sababu hamjui kilichomo. Parasetamo ni salama kwa wengi isipozidi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na kwa mzee aliyekonda sana au mwenye ini bovu ni pungufu ya hapo.

Kigoma tuanzie wapi?

Anzeni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, mpewe rufaa. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ni Maweni, mjini Kigoma. Kwa walioko Kasulu na Buhigwe ziko pia hospitali za mashirika ya dini, Kabanga na Heri, ambazo zimehudumia watu wa huko kwa miaka mingi. Morfini haiuzwi kwenye maduka ya dawa muhimu. Hutolewa hospitali kwa cheti cha daktari.

Mionzi ya saratani haitolewi hapa mkoani. Wagonjwa huenda Hospitali ya Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Ocean Road ni mbali, reli ya kati ni zaidi ya kilomita 1,200, na mtu mwenye saratani ya mifupa akikaa kwenye basi siku nzima anateseka. Kabla hamjauza ng'ombe au kiwanja kwa ajili ya safari, mwulizeni daktari swali hili waziwazi: "Akienda huko, kinachotarajiwa ni kupona, kuongezewa muda, au kupunguziwa maumivu?" Yote 3 ni sababu za haki za kusafiri. Mionzi ya mara moja tu inaweza kutuliza mfupa unaouma au kuzuia damu inayotoka kwenye saratani ya shingo ya kizazi. Ila mjue mnachokwenda kukitafuta, na mgonjwa naye ajue, kwa sababu nimeona familia zimemaliza kila kitu kwenye nauli na nyumba ya kupanga, kisha hakuna pesa iliyobaki ya kununulia uji.

Mkisafiri, bebeni dawa za maumivu za njia nzima na siku za ziada. Wa Kalya, Buhingu, Sunuka au Kagunga mnajua ziwa likichafuka boti haiendi. Ombeni dawa za mwezi, si za wiki, na mwelezeni anayewaandikia mnakotoka. Wengine hawajui Kagunga iko wapi.

Mzee analipiwa au anatibiwa bure?

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na serikali ilielekeza wazee wasio na uwezo watibiwe bure katika vituo vya umma. Hospitali na vituo vingi vina dirisha au chumba cha wazee, ili wasipange foleni na vijana. Utambulisho huanzia serikali ya mtaa au ya kijiji, unapita kwa afisa ustawi wa jamii, na mzee anapewa kitambulisho. Kifuatilieni angali mzima. Kukitafuta mtu akiwa amelala kitandani, huku kila ofisi inamtaka yeye mwenyewe, ni mateso.

Ukweli wa mambo ni kwamba "bure" mara nyingi huishia kwenye kumwona daktari, kisha mnaambiwa dawa haipo, kanunueni nje. Jambo hilo linaniuma, kwa sababu mzee asiye na hela ya kumwona daktari hana pia hela ya duka la dawa. Mkikwama, nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali hiyohiyo. Yupo kwa kazi hiyo, na anaweza kuandika msamaha kwa asiye na uwezo hata kama hajafika miaka 60. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, nayo inagusa pia kaya zisizo na uwezo. Ulizeni kwa mtendaji wenu utaratibu umefikia wapi kwenye kata yenu.

Presha ya mama imeshuka ikawa ya kawaida. Aache dawa?

Asiache. Imeshuka kwa sababu ya dawa. Akiziacha inapanda kimyakimya, na mara nyingi taarifa ya kwanza mnayoipata ni kiharusi. Kisukari nacho ni vivyo hivyo.

Na chumvi. Mkoa wetu una Uvinza, chumvi imechemshwa huko tangu enzi za babu zetu, na mikono yetu haina ubahili nayo. Kiasi cha siku nzima kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5, kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, ikihesabiwa na ile iliyomo kwenye samaki wa chumvi na viungo vya pakiti. Loweka samaki wa chumvi, mwaga maji, ndipo upike. Ndimu na tangawizi zinabeba sehemu ya ladha.

Mzee ameamka mdomo umepinda na mkono umelegea. Jirani anasema ni upepo mbaya, tumpeleke kwa mganga kwanza.

Mpelekeni hospitali sasa hivi. Mdomo kupinda, mkono au mguu wa upande mmoja kukosa nguvu, maneno kutoka hovyo au kukatika: hicho ni kiharusi, na kila saa inayopita sehemu ya ubongo inakufa. Kumbukeni saa dalili zilipoanza, mtaulizwa. Msimpe chochote kinywani, hata maji, hata dawa ya presha, mpaka mtaalamu aone kama anaweza kumeza. Wengi hufa si kwa kiharusi chenyewe bali kwa uji uliokwenda mapafuni.

Akirudi nyumbani, mazoezi yaanze mapema, bila kusubiri apate nguvu. Mwombeni mtaalamu wa viungo awaonyeshe namna ya kumkunja na kumnyoosha mkono, vidole, goti na kifundo. Kiungo kisichochezeshwa hukakamaa, na kikikakamaa kinauma kuliko kupooza kwenyewe. Msimvute kwa mkono uliolegea, bega huteguka. Kumlisha, aketi wima, kijiko kidogo, kitu chenye uzito wa mtori kuliko maji matupu, na abaki ameketi nusu saa baada ya kula.

Ana vidonda makalioni na mgongoni. Vinatoa harufu.

Hivyo hutokana na kulalia sehemu moja, damu ikakosa kupita. Kuvizuia ni rahisi kuliko kuvitibu: mgeuzeni kila baada ya saa 2, upande wa kulia, mgongo, upande wa kushoto, na mto uwekwe katikati ya magoti na chini ya miguu ili visigino visiguse godoro. Shuka liwe kavu, lisiwe na mikunjo. Msimburute, mnyanyueni watu wawili kwa shuka. Ngozi ikiwa nyekundu au nyeusi zaidi kuliko pembeni na ukibonyeza haibadiliki, kidonda kimeshaanza. Msipasugue, msipake spiriti.

Kidonda kilichofunguka kioshwe kila siku kwa maji yaliyochemshwa yakapoa na kutiwa chumvi kidogo. Harufu inatoka kwa vijidudu visivyohitaji hewa, na muuguzi anaweza kuwaelekeza kunyunyizia unga wa vidonge vya metronidazo vilivyosagwa. Hii ni njia ya kawaida katika tiba shufaa na harufu hupungua ndani ya siku chache. Naomba mwulize habari hii, kwa sababu harufu ndiyo inayowafukuza wageni, na mgonjwa anajua kwa nini hawaji.

Baba ana mpira wa mkojo kwa sababu ya tezi dume. Tuutunzeje?

Mfuko ukae chini ya kiuno chake siku zote lakini usiguse sakafu. Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya kuushika. Umwage kabla haujajaa. Mpira ubadilishwe tarehe mliyopewa, hata kama unaonekana mzima. Mkojo ukiacha kutoka na tumbo la chini likajaa, au akitetemeka kwa homa, au mkojo ukiwa damu tupu, mpelekeni. Anywe maji, wazee wengi wanayakwepa wakidhani mfuko hautajaa.

Hataki kula. Tumlazimishe?

Kwanza tafuteni sababu inayotibika. Angalieni kinywani: utando mweupe ulimini ni fangasi na una dawa. Meno yanauma? Choo hakijatoka siku ngapi? Ana kichefuchefu? Ana maumivu ambayo hayajatulizwa? Hayo yakitibiwa, wengi huanza kula tena.

Mpe kidogo kidogo, mara nyingi, anachokipenda yeye. Mlima wa ugali wa muhogo humkatisha tamaa kabla hajaanza. Uji wa ulezi uliotiwa unga wa dagaa waliosagwa laini na kijiko cha mawese una nguvu nyingi kwenye bakuli dogo. Mgebuka ni mtamu, ila kwa asiyeona vizuri miiba itolewe yote kwa mkono. Sangala au kuhe ni rahisi zaidi.

Ugonjwa ukifika mwishoni, mambo hubadilika. Mwili unafunga kazi na hauhitaji tena chakula. Mgonjwa haoni njaa kama tunavyoiona sisi. Kumbana pua, kumwekea kijiko kwa nguvu, kumwambia "ukikataa unatuua" kunamnyima amani, na chakula kinaweza kuingia mapafuni. Najua ilivyo ngumu, kwetu kumlisha mtu ndiko kumpenda, na mgeni akija kitu cha kwanza anauliza ni "amekula nini?" Mjibuni kwamba amekula alichoweza. Dripu ya maji wakati huo nayo mara nyingi huvimbisha miguu na kujaza kifua. Mlowanisheni midomo kwa pamba yenye maji, mpakeni mafuta, kaeni naye.

Bibi anasahau, anatutuhumu kwamba tumemwibia, usiku anatoka. Watu wanaanza kusema ni mchawi.

Ni ugonjwa wa ubongo, wala si tabia na si uchawi. Msibishane naye kuhusu hela zilizopotea. Msaidieni kuzitafuta, kisha mgeuzieni mazungumzo kwenye jambo analolikumbuka, ujana wake, soko la Ujiji la zamani, nyimbo za harusi. Fungeni mlango kwa komeo la juu, mfunike kisima, moto usiachwe naye. Waambieni majirani na mwenyekiti wa mtaa waziwazi kwamba ni mgonjwa. Maneno ya uchawi yamewagharimu wazee wa nchi hii maisha yao, hasa akina mama wenye macho mekundu, wekundu ambao mara nyingi ni wa moshi wa kuni wa miaka mingi. Familia isiyosema kitu inaacha uvumi useme.

Tofauti moja ni muhimu sana. Aliyeanza kusahau taratibu kwa miaka ana ugonjwa wa kumbukumbu. Aliyechanganyikiwa ghafla, jana alikuwa sawa leo hawatambui watoto, ana kitu kingine: malaria, maambukizi ya mkojo au mapafu, sukari iliyoshuka, upungufu wa maji, dawa mpya. Huyo ni wa hospitali siku hiyohiyo, na wengi hurudia akili zao.

Tumwambie ukweli kuhusu ugonjwa wake?

Familia nyingi hunishika mkono nje ya chumba na kuniomba nisimwambie. Wanafanya hivyo kwa mapenzi. Lakini mgonjwa karibu kila mara anajua. Anauona mwili wake, anaona dada aliyetoka Dar bila sababu, anaona minong'ono inakatika akiamka. Anapofichwa, naye anaficha, na kila mmoja anabeba hofu yake peke yake chini ya paa moja.

Msimwage habari yote kwa mara moja. Muulizeni: "Mama, wewe unauonaje ugonjwa wako? Ungependa daktari akueleze wewe, au azungumze na kaka?" Wapo wanaotaka kujua kila kitu, wapo wanaosema "ongeeni na mwanangu mkubwa", na wote wawili wana haki. Akiuliza "nitapona?", msimwambie "utapona tu, usijali". Mwambieni ugonjwa ni mzito, lakini hatutakuacha, na maumivu hatutayaacha yakutese. Ukweli unampa nafasi ya kusema wosia wake, kugawa shamba la michikichi mbele ya mashahidi, kuomba radhi na kuomba aombewe, kumwita padri, mchungaji au shehe. Nafasi hiyo hairudi.

Dawa za miti shamba je?

Semeni kwa daktari kila anachokunywa, bila kuficha. Baadhi hupambana na dawa za hospitali au huumiza ini na figo. Asiache dawa za presha, kisukari au ARV kwa sababu yake, na asichanjwe kwa wembe uliotumika. Anayewaambia muuze nyumba ili atoe saratani, mwacheni.

Ana kisukari na anataka kufunga Ramadhani.

Mgonjwa ameruhusiwa kutofunga, na wazee wa Ujiji wanalijua hilo kuliko mimi. Asiyeweza kulipa siku hulisha maskini. Anayetumia insulini, mwenye figo mbaya au aliyewahi kuanguka kwa sukari kushuka asifunge. Wengine wamwone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, dozi zipangwe upya.

Mimi ndiye ninayeuguza peke yangu, nimechoka mpaka namkasirikia.

Hasira hiyo ni uchovu, si ubaya wa moyo. Karibu kila nyumba kazi hii humwangukia binti mmoja au mkwe mmoja, wengine wanatuma pesa na kutoa maelekezo kwa simu. Iteni kikao cha familia na mgawane zamu kwa majina na siku: nani analala naye Jumamosi, nani anafuata dawa, nani anafua. Anayeishi mbali alipe mtu wa kufua na kuchota maji. Mwulizeni mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa wenu apite kumwona mgonjwa. Na wewe ulale. Anayeuguza akianguka, wagonjwa wanakuwa wawili.

Tutajuaje kwamba mwisho umefika, na tufanye nini?

Hulala muda mwingi, hataki hata maji, mikono na miguu hupoa, pumzi huenda mbio kisha husimama kisha huanza tena, na koo huweza kutoa mkoromo. Mkoromo huo unawatisha mnaosikia kuliko anavyousikia yeye, mlazeni ubavu. Dawa ya maumivu iendelee kwa njia ambayo muuguzi amewaelekeza. Zungumzeni naye, anaweza kuwa anasikia hata kama hajibu. Kama mlishakubaliana abaki nyumbani, hamlazimiki kumkimbiza usiku kwa pikipiki afie njiani. Lakini akiwa na maumivu makali yasiyotulia, damu nyingi inayotoka au kukosa hewa kwa hofu, pigeni simu au mpelekeni. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo.

Akifariki nyumbani, mpeni taarifa mtendaji mapema ili kibali cha mazishi na usajili wa kifo visiwasumbue. Cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, kitahitajika kwenye mirathi, benki na mafao.

Morfini iliyobaki baada ya msiba tuifanye nini?

Irudisheni hospitali ilikotoka, chupa na karatasi yake, mwombe muuguzi aandike kwamba mmeirudisha. Msiimwage chooni, msiiweke kabatini "ije kusaidia", na msimpe mwenye maumivu mwingine hata akiwaomba kwa machozi. Mwelekezeni alikopewa marehemu, apimwe apewe dozi yake. Godoro, kiti cha kujisaidia na mifuko ya mkojo ambayo haijafunguliwa, hivyo mnaweza kuwagawia wengine. Ulizeni pale kituoni; kuna mtu anavihitaji wiki hii.